Kipande cha Elina

Jumatatu, 7 Machi 1994

Nimeanza kazi. Tangu chama cha ushirika kilipotupunguza watu kumi na mmoja kwa barua moja, Septemba iliyopita, hii ndiyo kazi ya kwanza niliyopata ambayo si kumshonea baba vifungo dukani kwake. Sasa mimi Hasina ni mdadisi wa takwimu, wa muda, miezi mitatu. Swali letu ni moja tu kwa wilaya nzima ya Rungwe: wafanyakazi hulipwa kila baada ya muda gani? Kwenye dodoso kuna visanduku vitano vya kuweka tiki: kila siku, kila wiki, kila wiki mbili, kila mwezi, nyinginezo. Nimepewa waajiri kumi na wawili. Msimamizi wangu kutoka Mbeya, Bwana Lukasi, ametuonya mara tatu kwamba "nyinginezo" isitumike ovyo kwa sababu inaharibu jedwali.

Nilimuuliza sisi wadadisi tunalipwa lini. Kasema Juni, madodoso yote yakishapokelewa. Nikakubali, maana hata baba hulipwa suruali ikikamilika.

Juu ya kila dodoso imeandikwa kwa herufi kubwa: MAJIBU YAKO NI SIRI. Kwa hiyo hata humu ndani sitataja majina ya waajiri. Shamba la chai nililopangiwa litaitwa Na. 7.

Jumatano, 9 Machi

Na. 7 liko upande wa Suma. Kwa mvua hii siwezi kwenda na kurudi Tukuyu kila siku, nisije nikabaki barabarani na karatasi za serikali kichwani. Mteja mmoja wa baba amenipatia chumba kwa mjane wa makamo, Mama Sekela. Ana migomba, ana maharage, ana mdomo pia. Jioni alinikuta mlangoni nangoja kufuturu, ukungu umefunika hadi paa la jirani.

"Ukungu wenu huu," akasema, "mnajuaje kama jua limezama?"

"Wetu tena, mama? Ukungu ni wenu. Sisi tuna redio."

Amenipikia mbalaga, ndizi zao zilizopikwa na maharage. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 11 Machi

Meneja wa Na. 7 ni mpya. Shamba lilikuwa la serikali, sasa lina wenyewe, na yeye kaletwa nao. Nilimuuliza swali langu. "Kila mwezi," akajibu, hata kalamu hajaiweka chini. Nikatia tiki kisanduku cha nne. Dakika tano, kazi imekwisha.

Nje nikamkuta Godwin, karani wa mizani, kijana mtaratibu wa Ikuti. Alinieleza utaratibu wenyewe. Kila mchumaji ana kadi, wanaiita kipande, yenye nafasi thelathini. Ukifikisha kilo za siku, unagongewa muhuri mmoja. Mihuri ikitimia thelathini unalipwa, Jumatatu inayofuata. Kipande kisichojaa ndani ya siku sitini kinachanwa, na mihuri iliyomo imepotea. Nikamwambia mbona huo si mwezi. Godwin akanitazama. "Dada, kwenye vitabu ni mwezi."

Jumatatu, 14 Machi

Idd. Niko nyumbani Tukuyu. Nimemwekea Mama Sekela pilau.

Alhamisi, 17 Machi

Kiwanda cha mbao: kila wiki. Gereji: kila siku, wakati mwingine hakuna. Mvua.

Jumanne, 22 Machi

Kanuni inasema nichague wafanyakazi kumi kutoka daftari la Na. 7 na kuwauliza ana kwa ana. Jina la kwanza lililotokea ni Elina. Nimemkuta mstari wa tatu, mwanamke mrefu, mwembamba, kikapu mgongoni. Wewe ndiye Elina? Ndiye. Mvua ikatufukuza kabla sijauliza la pili.

Alhamisi, 24 Machi

Nimerudi kwa Elina. Leo ni mfupi, mnene, ana mwanya.

"Wewe ndiye Elina?"

"Ndiye mimi."

"Juzi nilizungumza na Elina mrefu."

"Labda ni ukungu, dada."

Nikaomba kuona kipande. Jina lile lile, namba ile ile.

Jumatatu, 28 Machi

Elina wa leo ni Mama Sekela. Mama Sekela huyu huyu mwenye nyumba, niliyemwacha asubuhi akisema anakwenda kupalilia maharage. Tumetazamana kati ya mistari ya chai mpaka kicheko kikanitoka. Yeye hakucheka.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "tutaongea nyumbani. Hapa usiniite jina langu."

Jioni wakaja wote watatu jikoni. Yule mrefu ndiye Elina wa kweli. Mwenye mwanya anaitwa Tulia. Wakaketi wakinitazama kama mimi ndiye polisi, nikaona haya, nikasema hapa hakuna askari, kuna mtu mwenye karatasi tu.

Elina akaeleza. Mwaka jana alikuwa na kipande chake peke yake. Kila wiki kuna jambo: leo mtoto ana homa, kesho migomba imeanguka na upepo, keshokutwa kuna msiba. Na msiba huku si wa mwenye nyumba peke yake. Akifa jirani jembe linawekwa chini kijiji kizima, mpaka azikwe, na huko shambani muhuri haugongwi. Siku ya sitini ikafika ana mihuri ishirini na saba. Karani wa wakati ule akakichana mbele yake.

"Ishirini na saba," akarudia, akaonyesha kwa vidole kipande kilivyochanwa, mara ya kwanza hivi, mara ya pili hivi.

Ndipo wakaungana. Jina moja, watu watatu, kila mmoja anachuma siku yake. Kipande kinajaa ndani ya mwezi na siku chache, na malipo hayagawanywi, yanachukuliwa yote na mmoja kwa zamu. Machi alichukua Elina. Aprili ni Tulia. Mei ni Mama Sekela.

"Na Godwin hajui?"

"Godwin anapima majani," alisema Tulia. "Hapimi sura."

Mama Sekela ndiye mwenye haja kubwa. Kuna mtamba wa maziwa Isongole, ana mimba, kwa mkulima wa viazi aitwaye Ackson. Miaka miwili Mama Sekela amekuwa akimpelekea fedha za ndizi na maharage kidogo kidogo. Imebaki sehemu moja, sawa na kipande kimoja kilichojaa. Ackson amesema mwisho wake tarehe 31 Mei. Ikipita, atamrudishia fedha zake na kumuuza mtamba kwa mtu wa Mbeya mwenye bei nzuri zaidi.

"Mtu akulipe kwa mwezi, akulipe kwa miezi mitatu, shauri yake," akasema Mama Sekela. "Ng'ombe analipa kila asubuhi."

Nikawahakikishia kwamba ni siri, nikawaonyesha maandishi ya juu ya dodoso. Mama Sekela hakuyatazama. Akasema neno langu linatosha.

Jumamosi, 2 Aprili

Mvua. Sampuli yangu: wanane nimewapata.

Jumatano, 6 Aprili

Wote kumi nimewapata, kama wapo kumi. Vipande saba kati ya kumi vina watu wawili au watatu ndani yake. Nimechora jedwali langu mwenyewe nyuma ya daftari. Kwa meneja, mfanyakazi hulipwa mara kumi na mbili kwa mwaka. Kwangu, mtu kama Mama Sekela hulipwa mara nne, akijaliwa. Jedwali la pili lilinifurahisha kupita kiasi. Tangu shule ya sekondari sijafurahia hesabu namna hii.

Jumatatu, 18 Aprili

Tulia kalipwa. Kanunua mabati manne ya jiko na kanga mbili, moja kaivaa hapo hapo. Kesho wanaanza kipande cha Mama Sekela.

Jumatatu, 25 Aprili

Mvua usiku kucha, daraja la magogo limekwenda na maji. Hakuna aliyechuma.

Jumamosi, 30 Aprili

Nimekamilisha madodoso yote kumi na mawili. Katika la Na. 7 kisanduku cha nne kina tiki, kama meneja alivyosema. Lakini mwisho wa ukurasa kuna mistari mitatu ya "Maoni ya mdadisi". Nimeandika: "Vipande saba kati ya kumi huchumiwa na watu wawili hadi watatu kwa zamu. Mfanyakazi halisi hulipwa kila baada ya miezi miwili au mitatu." Sikutaja jina la mtu. Nimeisoma mara nne. Ni sentensi nzuri, na ni kweli.

Jumapili, 1 Mei

Mei Mosi. Tukuyu kulikuwa na maandamano na mabango. Mama Sekela kanisani, kisha kwenye maharage yake.

Jumanne, 10 Mei

Bwana Lukasi kaja kukusanya madodoso. Alipofika kwenye maoni yangu akavua miwani. "Hiki ndicho kitu, Hasina! Hiki ndicho tunachokitafuta." Akasema kuna nafasi moja ya kudumu mkoani, na kwamba kesho atapita Na. 7 kumsalimia meneja kabla hajarudi Mbeya. Sikufikiri lolote. Nilikuwa nafikiria nafasi ya kudumu, na kama baba ataniruhusu kuhamia Mbeya.

Jumamosi, 14 Mei

Asubuhi kuna karatasi imebandikwa penye mizani. Kuanzia Jumatatu kila mchumaji atapigwa picha, picha itagundishwa kwenye kipande. Atakayekamatwa akichumia kipande cha mwingine, kipande kitachanwa na wote watafukuzwa. Tulia alinisomea kwa sauti akidhani sijaiona. Nilikuwa nimeiona kabla yake, na nilikuwa nimejua imetoka wapi nilipofika mstari wa pili.

Kipande cha Mama Sekela kina mihuri kumi na tisa.

Jioni wakakaa jikoni tena. Jina ni la Elina, kwa hiyo picha ni ya Elina, kwa hiyo ni yeye tu atakayechuma. Imebaki mihuri kumi na moja. Zamu yake ameshaila tangu Machi, angeweza kusema basi, na nilimtazama usoni nione kama atasema. Akasema, "Nitachuma mimi. Maharage yangu mtapalilia ninyi." Tulia akakubali, Mama Sekela akakubali. Wakahesabu siku kwa punje za mahindi juu ya mkeka: akikosa siku moja tu, bado Jumamosi ya tarehe 28 kinajaa, Jumatatu ya tarehe 30 analipwa, Jumanne fedha ziko Isongole. Akikosa mbili, mtamba amekwenda.

Hakuna aliyeuliza meneja kajuaje. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, sahani yao mkononi.

Jumatano, 18 Mei

Elina ana homa. Hakuchuma. Siku moja ndiyo hiyo.

Alhamisi, 19 Mei

Kachuma, kanga kajifunga kichwani na nyingine mabegani. Mihuri ishirini na mbili.

Jumamosi, 21 Mei

Ishirini na nne. Mimi na Tulia tulipalilia maharage ya Elina kutwa. Mikono yangu imetoka malengelenge, na Tulia anasema napalilia kama mtu anayeandika.

Jumanne, 24 Mei

Bwana Lukasi kaja kusahihisha makosa madogo. Nikamuuliza kama alimwambia meneja. Akashangaa. Alimwambia ndiyo, wakinywa chai, kama mazungumzo tu, wala hakutaja mtu. "Si hukuandika jina hata moja?" Kisha akaniambia kwamba maoni yangu yamekatwa. Mashine ya Dar es Salaam haina mahali pa kuyaingiza. Na. 7 linabaki kisanduku cha nne, kila mwezi.

Kwa hiyo sentensi yangu haimo katika takwimu. Imo kwenye karatasi iliyobandikwa penye mizani tu. Nilitembea kutoka kwenye gari lake hadi nyumbani nikiwa na hasira ya kupiga mtu, na mtu mwenyewe sikumpata zaidi yangu.

Alhamisi, 26 Mei

Mihuri ishirini na nane. Saa kumi jioni habari zimekuja: baba mdogo wa Elina amefariki huko Ikuti. Mazishi kesho.

Elina alifika hapa moja kwa moja kutoka shambani, kikapu bado mgongoni, macho makavu. Akasimama mlangoni.

"Nichume kesho asubuhi, halafu nikimbie Ikuti jioni?"

Mama Sekela alikuwa anamenya ndizi. "Uchume nini? Baba yako mdogo anashushwa kaburini, wewe umeshika majani?"

"Na mtamba?"

"Tutaongea habari za ng'ombe watu wakishazikwa. Nenda kavue hilo tenga."

Elina ndipo akalia. Mama Sekela akaenda kumshika, kisu bado mkononi. Mimi nikatoka nje. Nilitaka kusema pale pale, na nikajiambia siyo leo, leo kuna msiba. Ni kweli kulikuwa na msiba. Pia ni kweli kwamba nilishukuru kupata sababu.

Ijumaa, 27 Mei

Ikuti. Nimemenya ndizi na wanawake tangu asubuhi. Elina alikaa na watu wake. Muhuri haukugongwa.

Jumamosi, 28 Mei

Ishirini na tisa.

Jumapili, 29 Mei

Nimekwenda Isongole bila kumwambia mtu. Nilipata lori la viazi kutoka Tukuyu, nikafika nimelowa hadi ndani. Ackson ni mzee mkavu, yumo ghalani anachambua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule. Nikamsalimia, nikajieleza: ninaishi kwa Mama Sekela wa Suma, fedha zitachelewa wiki moja.

"Tulikubaliana tarehe thelathini na moja."

"Ndiyo, mzee."

"Mtu wa Mbeya anakuja Jumatano na fedha zake mfukoni."

Nikamweleza habari za kipande, picha, homa ya Elina, msiba wa Ikuti. Aliposikia msiba akaacha viazi.

"Nani kafa?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. Alimfahamu, walilima pareto pamoja ujanani.

"Na Elina alikwenda kuzika?"

"Alikwenda. Mama Sekela ndiye aliyemwambia aende."

"Basi Jumanne ya wiki ijayo nitamleta mwenyewe mpaka Suma. Mtu wa Mbeya atasubiri mwingine. Wangenilipa kesho kutwa, halafu nisikie hakumzika baba yake mdogo kwa ajili ya fedha hizo, ng'ombe nisingemtoa."

Nikamshukuru, nikasema ndaga, nikasema ndaga fijo, Kinyakyusa changu chote kikaishia hapo. Nilikuwa nimeshageuka aliponiuliza, "Na huyo meneja, nani alimpelekea habari za vipande?"

"Mimi."

Akarudi kwenye viazi vyake. "Mama Sekela umeshamwambia?"

"Bado."

"Kwa hiyo umekuja kunipa mimi kwanza."

Jumatatu, 30 Mei

Muhuri wa thelathini. Nimewaeleza kuhusu Ackson. Tulia karuka. Mama Sekela kanishika mikono yote miwili. Nilisema nilikwenda kwa sababu nilikuwa na nafasi. Sikusema lingine.

Jumatano, 1 Juni

Mvua zimepungua, baridi imeanza. Sijasema.

Alhamisi, 2 Juni

Sijasema.

Jumamosi, 4 Juni

Nilianza kusema, akaingia mtu kuazima nyungo.

Jumatatu, 6 Juni

Elina kalipwa. Alikuja na fedha zikiwa bado zimefungwa vile vile, akaziweka mikononi mwa Mama Sekela mbele yetu bila kuzifungua. Tulia na Mama Sekela wamepigwa picha na kupewa vipande vyao, kila mmoja na chake, siku sitini. Tulia kahesabu siku zake kwa punje za mahindi, kahesabu tena, kisha akazimwagia kuku.

Jumanne, 7 Juni

Saa saba mchana Ackson kafika, kamba mkononi, mtamba nyuma yake, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, amechoka, mimba inaonekana. Mama Sekela alimzunguka mara mbili. Akampapasa tumbo, akamfungua mdomo, akamkagua kwato, kama vile hajapata kumwona. Kisha akakaa chini kwenye nyasi zenye maji na kujifuta uso kwa upande wa kanga. Majirani walikuwa wengi. Ackson alinitazama mara moja tu, akaaga.

Kesho narudi Tukuyu, kazi imekwisha. Nikajua kwamba usiku huu nisiposema, nitamsalimia mama huyu maisha yangu yote kwa uso wa uongo. Wakati wa chakula walikuwapo wote watatu. Nikaweka kijiko chini, nikasema. Nilisema yote: sentensi yenyewe, Bwana Lukasi, chai ya meneja, nafasi ya kudumu niliyoitamani. Nikasema sikutaja majina, nikasikia mwenyewe jinsi jambo hilo lilivyo dogo.

Mama Sekela akageukia wenzake.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na nne," alisema Elina.

Walijua. Godwin alikuwa akipita mlangoni meneja alipokuwa na mgeni wake, na Jumamosi ile ile ya karatasi aliwaambia. Siku zote ishirini na nne wamenipikia, wamenitandikia, na kila jioni wamehesabu.

"Mimi nilisema hutasema kabisa," Tulia akaniambia. "Elina alisema utasema siku ya msiba. Mama alisema ng'ombe akifika. Tuliwekeana dau, mche wa sabuni. Kashinda."

Nikaomba msamaha. Ilikuwa nje ya uwezo wangu kuzuia kulia, nikalia. Mama Sekela akaniongezea ndizi kwenye sahani.

"Kula, chakula kinapoa. Sina hasira na wewe, mwanangu. Ulikwenda Isongole kwenye mvua, nimekuona ulivyorudi." Akajipakulia na yeye. "Wakikutuma tena mwakani, usitafute pengine, utalala hapa hapa na maziwa utakunywa. Ila ukitoa zile karatasi zako ukaniuliza nalipwa lini, nitakujibu kila mwezi."